Mkono wa Nje Kwenye Meza Yetu

Mume wangu na mdogo wake wana sauti moja. Sisemi zinafanana, nasema moja. Mama yao mzazi, aliyewalea wote wawili, akipigiwa simu huuliza kwanza, "Wewe ni yupi?" na akijibiwa "ni mimi, mama" hukasirika na kukata. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilikuwa nikiitwa kutoka uani naitikia kwa madaha yote ya bibi harusi, kumbe ni shemeji anaulizia sabuni. Watu walinicheka wakachoka, nami nikajifunza kugeuka nitazame kabla sijaitika.

Kwa sura sasa, ni mbingu na ardhi. Mume wangu ni mrefu, mwembamba, na hawezi kugusa kitu kabla hajakipima. Hata mkate huukadiria kwa jicho ndipo aukate. Mtaa mzima unamwita Rula. Mdogo wake ni mfupi, ana mabega mapana, na ukimwambia jambo jioni, asubuhi unakuta keshalifanya, tena kalifanya vibaya. Huyo ni Chapuchapu. Baba yao aliwaachia karakana ya kuchapa fulana na mabango: chumba kimoja kirefu, mlango upande wa barabara, ua nyuma, na ndani yake meza ya mbao nzito inayoanzia karibu na mlango ikaenda kuishia dirishani. Wateja huuliza meza ile ilipitishwa wapi. Haikupitishwa popote. Marehemu mkwe wangu aliiunda humo humo ndani.

Kazi yetu haifanywi na mtu mmoja. Kitambaa kinatandazwa mezani, juu yake inawekwa fremu yenye wavu wa maneno na picha, kisha mmoja anaikandamiza fremu isicheze na mwenzake anavuta rangi juu ya wavu kwa kipande cha mpira. Anayeshika akilegea kidogo tu, herufi zinatoka na kivuli na mheshimiwa anaonekana ana pua mbili. Tangu baba yao alipokuwa hai, Rula alishika na Chapuchapu alivuta. Mimi nilisimama katikati ya meza na ndoo zangu, kwa sababu rangi ni mimi. Wananiita Mama Rangi, na jina hilo nimelitolea jasho.

Kisha ukaja msimu wa uchaguzi, na wanaume wangu wawili wakarukwa na akili.

Rula ni mtu wa Chama cha Ngazi. Chapuchapu ni wa Chama cha Kengele. Misimu ya nyuma walitaniana tu, lakini safari hii mambo yalikuwa moto mpaka kwenye vibanda vya chai. Siku moja Chapuchapu alisema watu wa Ngazi wanapenda kupanda juu ili wapate vichwa vya kukanyaga. Rula akajibu, bila hata kuinua macho, kwamba kengele hulia sana kwa sababu ndani ni tupu. Mimi nilicheka, maana yote mawili yalikuwa mazuri. Wao hawakucheka. Kuanzia siku ile hawakusemeshana.

Oda zilikuwa zinamiminika. Ngazi walitaka fulana za waridi, Kengele walitaka za kahawia. Rula hakukubali kushika fremu ya Kengele, na Chapuchapu aliapa kwamba mkono wake hautavuta rangi ya waridi mpaka ukatwe. Basi nikawa nashika mimi. Namshikia mume wangu upande wa dirisha, naita "ngoja," nakimbia kumshikia shemeji upande wa mlango, narudi. Mikono yangu haikuwa na chama. Upande mmoja ilikuwa ya waridi, mwingine ya kahawia, na kura yangu naijua mwenyewe. Hata Rula haijui, na hilo linamnyima raha kuliko jambo lolote la ndoa yetu.

Maneno nayo nikayabeba mimi. "Mwambie ndugu yako apunguze feni." "Mwambie ndugu yako mikono hana?" Nikimpelekea Rula maneno ya Chapuchapu, anasema nimeyapunguza makali. Nikirudisha ya Rula, Chapuchapu anasema nimetia chumvi. Nikachoka. Nikawaambia simu hii hapa, kila mtu aseme mwenyewe, mimi kazi yangu iwe kubonyeza. Wakaipenda hiyo kuliko kupatana. Mwenye neno alikuwa anachukua simu yangu, anatoka uani, anajikohoza kama rais anayelihutubia taifa, anarekodi ujumbe wa sauti, kisha ananirudishia nikamsikilizishe mwenzake. Feni kubwa ya kukaushia ilikuwa inanguruma humo ndani, kwa hiyo niliisogeza simu mpaka sikioni mwa anayesikiliza. Watu wazima wawili, tena baba za watu, waliotenganishwa na meza tu.

Haya yote ningeyavumilia mpaka siku ya kura ipite. Lakini Chapuchapu alipata chumba mtaa wa pili akasema anahama na vyombo vyake. Fremu waligawana vizuri. Mmoja akachukua feni, mwingine majiko ya uani. Ikabaki meza. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, na hakuna aliyekubali kuiona inabaki tupu. Basi wakakata kauli kuikata katikati. Rula alipima nusu yake kwa kamba, akarudia, akarudia tena. Chapuchapu akampigia seremala papo hapo, akamwambia aje Ijumaa asubuhi na msumeno.

Mama mkwe wangu, ambaye hukaa kwenye kigoda karibu na mlango akikunja fulana zilizokauka, alipolisikia hilo alikunja fulana moja hiyo hiyo mpaka ikawa kama leso. Mimi nilisema vingi. Niliwaambia nusu meza haichapi bango. Bango linataka urefu wote, na mabango ndiyo yanayotulisha fulana zikikosa wateja. Niliwaambia uchaguzi ukiisha hawa wagombea watapeana mikono kwenye picha, na sisi tutabaki na vipande viwili vya mbao. Kila mmoja akaniambia niende nikamwambie mwenzake. Sifichi, niliogopa. Mimi si mtu wa kulialia, lakini jioni ile niliifuta meza kwa kitambaa chenye maji kuanzia mlangoni mpaka dirishani, na nilipofika katikati, pale mbao zilipobonyea kwa kuwekewa ndoo zangu, nikapafuta mara tatu.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi redio ikaleta kizaazaa kingine.

Mtangazaji alisema kwamba katika nchi moja ya mbali imegunduliwa ofisi nzima ya vijana wanaolipwa kujifanya wananchi wa kwetu. Asubuhi wanaamka, wanajipa majina ya huku, wanaingia mitandaoni, wanaisifu Ngazi na kuitukana Kengele, wanatunga na habari za uongo juu yake, jioni wanakwenda kwao kulala. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa inajua, au ndiyo iliyowatuma. Mtangazaji alikuwa anameza maneno kidogo hapo.

Chapuchapu aliutupa mpira wa rangi, akachukua simu, akatoka uani. Niliusikiliza ujumbe wake kabla ya kuupeleka, na kusema kweli alizungumza vizuri, nywele zilinisimama.

"Mwambie ndugu yako nyumba ni ya wenyewe," alisema. "Mgeni akianza kupanga nani alale chumba gani, hiyo si nyumba tena, ni gesti. Anayekubali kubebwa na watu wa nje ni kibaraka, awe nani, awe wa chama gani. Balozi wao afungashe. Nchi haiuzwi."

Nikampelekea Rula. Alisikiliza mpaka kwenye neno gesti, akanipungia mkono nizime, kwamba takataka hizo anazijua. Akachukua simu, akaenda uani kwa hatua zake za taratibu.

"Mwambie ndugu yako asikuze mambo," ilisema sauti ile ile, ila kwa upole. "Dunia ya leo nani anaishi peke yake? Mtu wa nje akikupenda akakusemea neno zuri, kosa lako wewe ni lipi? Hukumtuma. Kusaidiwa si kosa. Mpiga kura ana akili zake, hakokotwi kama gari bovu."

Chapuchapu naye hakufika mwisho. Alisema anaumwa kichwa, nimwondolee kelele hizo.

Siku tatu nzima ikawa ni nchi haiuzwi upande wa mlango, na kusaidiwa si kosa upande wa dirisha. Chapuchapu alitaka uchaguzi uahirishwe. Rula alisema hajawahi kuona akaunti bandia ikienda kupanga foleni ya kupiga kura. Wateja nao walijigawa hivyo hivyo. Aliyekuja kuchukua fulana za waridi aliona si jambo kubwa, na wa kahawia aliona ni uhaini. Mimi nilichanganya rangi zangu.

Alhamisi, wakati wa chai ya saa nne, redio ikasema tena. Wachunguzi wamekuta ofisi nyingine. Hii iko katika nchi nyingine kabisa, hasimu wa ile ya kwanza, na vijana wake nao wanajipa majina ya huku. Ila hawa wanaisifu Kengele na kuitukana Ngazi.

Niliweka kikombe chini. Nilimtazama Rula, nikamtazama Chapuchapu. Mwenzangu unayesoma, ungekuwa wewe ungetarajia nini? Mimi, mjinga wa watu, nilitarajia aibu. Nilidhani watainamisha vichwa, mmoja acheke, na mwenzake acheke, na seremala tumpigie tumwambie abaki kwake.

Rula akasimama. Uso ulikuwa umemwiva. "Nipe simu," aliniambia, akatoka uani kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake. Akarudi, akaniwekea simu mezani, akaenda kusimama dirishani kama mtu aliyefiwa. Mimi wakati huo nilikuwa nimetumbukiza mikono yote kwenye ndoo ya kahawia, navunja mabonge. Nilikwenda nayo vile vile mpaka kwa Chapuchapu, simu nimeibana kwapani, nikaiweka mbele yake na kuibonyeza kwa kifundo cha kidole kidogo, sehemu pekee iliyokuwa safi.

Kifundo cha kidole hakina macho. Kilibonyeza ujumbe wa Rula wa Jumatatu.

"Dunia ya leo nani anaishi peke yake?" simu ikasema. "Mtu wa nje akikupenda akakusemea neno zuri, kosa lako wewe ni lipi?"

Nilitaka kuuzima, lakini nilimwona Chapuchapu. Alikuwa ameinamisha sikio, mdomo umeachama kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie. Pale kwenye kusaidiwa si kosa, aliguna kama mtu anayekunwa mgongoni mahali penyewe.

"Shemeji," aliniambia, na macho yalikuwa yanang'aa, "sikujua kaka ana moyo huu. Mimi nimekaa hapa nasubiri matusi, nilijua leo atanimaliza. Kumbe mtu mzima ni mtu mzima."

Yaani yale maneno aliyoyaita kelele Jumatatu. Nilisimama pale rangi ikinidondoka miguuni. Nilitaka kumwambia, ndugu yangu, huo ni ujumbe wa zamani, wa leo wala hatujausikia. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaikumbuka meza, na Ijumaa, na msumeno, nikaufunga.

Chapuchapu akaenda uani kurekodi jibu lake. Lilikuwa refu, na sehemu kubwa lilikuwa la kutetea ile ofisi ya pili: kwamba ni marafiki tu wa nje, kwamba watu wana haki ya kutoa maoni hata wakiwa mbali. Kumpelekea Rula hilo ni kumpelekea petroli. Nikanawa mikono. Nikaikausha vizuri. Na safari hii nilibonyeza kwa kidole, kwa macho mawili, na kwa makusudi yote niliyonayo, ujumbe wa Chapuchapu wa Jumatatu.

"Anayekubali kubebwa na watu wa nje ni kibaraka, awe nani, awe wa chama gani."

Rula alishika ukingo wa dirisha. "Awe wa chama gani," alirudia polepole, kama anayepima kitambaa. "Kasema hivyo? Leo? Na chama chenyewe ni chake?"

Nikamwambia masikio yake yamesikia. Hapo sikudanganya.

"Basi mdogo wangu amekua," alisema Rula, akatoa leso akapenga kamasi.

Mchana ule karakana ilikuwa na utulivu wa ajabu. Hawakusemeshana bado, kila mmoja akiona haya kuanza, lakini Rula alipunguza feni bila kuombwa, na Chapuchapu alimsogezea kopo la vitambaa safi. Mama mkwe alinitazama kutoka kwenye kigoda chake, akawatazama wanawe, akanitazama tena. Aliniuliza kwa sauti ya chini nimewawekea nini kwenye chai. Nikamwambia sukari. Nilijisikia fundi. Kusema kweli nilijisikia zaidi ya fundi. Nilijiona mimi ndiye ningepaswa kugombea.

Ijumaa asubuhi seremala alifika, mtu mnene mwenye kalamu ya risasi sikioni, msumeno umefungwa kwenye gunia. Akausimamisha ukutani, akauliza tunaanzia wapi. Nilimwambia asubiri kidogo, huenda tukamsumbua bure, tutamlipa nauli. Na kweli, Chapuchapu aliizima feni, akazunguka meza mpaka upande wa dirisha, mahali ambapo hajakanyaga tangu ile habari ya ngazi na vichwa.

"Kaka," alisema.

"Naam, mdogo wangu," alisema Rula.

Mama mkwe akaacha kukunja. Wakashikana mikono, kisha wakavutana wakakumbatiana, mmoja uso kifuani, mwingine kidevu utosini. Nilisikia kifua changu kinapanuka. Laiti Mungu angewaziba midomo dakika ile ile, hadithi hii ingeishia hapo, nami ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini Chapuchapu ni Chapuchapu.

"Nimekusikia jana, kaka," alisema. "Ulivyosema kusaidiwa si kosa, nilitamani chama changu chote wakusikie."

Rula alimwachia taratibu. "Nilivyosema nini?"

"Kusaidiwa si kosa. Mtu wa nje akikusemea neno zuri."

"Hilo nilisema Jumatatu. Jana nilisema mnunuliwe tiketi mhamie huko huko. Wewe ndiye uliyesema nchi haiuzwi."

"Mimi nilisema hivyo Jumatatu."

Vichwa viwili vikanigeukia mimi, na cha mama mkwe kikawa cha tatu, na cha seremala, ambaye hayamhusu, kikawa cha nne.

Sikuwa na pa kukimbilia, meza iko mbele na ukuta uko nyuma. Nikaona liwalo na liwe. Nikaiweka simu katikati ya meza, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikawafungulia zote, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Nchi haiuzwi ya Chapuchapu. Kusaidiwa si kosa ya Rula. Kisha za Alhamisi: Rula akifoka kwamba wageni wanaharibu nyumba za watu na vibaraka wao wanunuliwe tiketi wahamie huko huko, na Chapuchapu akibembeleza kwamba marafiki hawana mipaka, watu wasikuze mambo. Feni ilikuwa imezimwa. Kila neno lilisikika mpaka barabarani.

Zilipokwisha, seremala alijikuna shingo.

"Samahani," alisema. "Huyu jamaa mbona anabishana mwenyewe?"

Mama mkwe alikuwa amefumba macho tangu ujumbe wa kwanza, akijaribu kutambua yupi ni nani. Akayafumbua. "Mimi nimewazaa," alisema, "na nimeshindwa."

Nilidhani sasa ndiyo aibu itakuja. Nilikosea mara ya pili ndani ya wiki moja. Aibu ilikuja, ila haikuwa na mahali pa kukaa, ikatafuta mtu. Rula alinyoosha kidole chake kirefu akauliza nani alinituma. Haya ni mambo ya watu waliozaliwa tumbo moja, alisema, na mimi nimeingia katikati nikawachezea akili kama watoto. Chapuchapu akadakia kabla mwenzake hajamaliza, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze walikuwa upande mmoja, bega kwa bega, wakinitazama mimi.

"Nyumba ni ya wenyewe, shemeji," alisema. "Mgeni hapangi mambo ya ndani."

Mgeni. Nimeolewa humo nikiwa binti. Nimemzika baba yao nao, nimemuuguza mama yao, mikono yangu haijatoka rangi kwenye kucha tangu siku hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kuniita neno hilo hata kwa utani. Liliniuma. Liliniuma mahali ambapo sikujua pana nyama.

"Nilisaidia tu," nilisema. "Kusaidiwa si kosa."

Maneno yalipotoka niliyasikia. Seremala naye aliyasikia, akaanza kucheka tumbo likimtikisika, akashika ukuta. Nikaona kweli, na mimi nimo. Mkono wa nje ukiwa wangu ulikuwa mzuri sana, tena wa huruma, wa kuokoa meza. Lakini kulielewa jambo hakulifanyi lisiume. Nilifungua aproni, nikaitundika msumarini, nikaenda kwenye beseni lililoko kwenye pembe ya ukuta, nikawapa mgongo nikaanza kunawa. Niliwaambia mgeni anarudi kwao, na waridi wataichanganya wenyewe. Wakizidisha nyeupe ikawa kama dawa ya kikohozi, wasinipigie.

Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisukumwa. Mama mkwe alikuwa amesimama.

"Seremala," alisema, "umeambiwa ukate vipande vingapi?"

"Viwili, mama."

"Kata vitatu. Huyu ana miaka anasimama hapa katikati. Kama tunagawana, tugawane sawa. Akienda kwao, aende na chake."

Seremala aliacha kucheka. Nilisikia utepe wake wa kupimia ukivutwa na kurudi, ukivutwa na kurudi, kisha kalamu ikikwaruza mbao. Akasema kwa sauti ya mtu anayejali kazi yake kwamba kwa vipande vitatu hakuna hata kimoja kitakacholaza fulana ya mtu mzima, labda ya mtoto wa chekechea, lakini yeye ni wa kuambiwa. Gunia likafunguliwa. Mimi niliendelea kusugua kucha ambazo hazijawahi kutakata. Msumeno ukawekwa juu ya mbao; nilijua kwa ule mlio mdogo wa meno yakitafuta mstari, kando tu ya pale palipobonyea kwa ndoo zangu.

"Acha."

Ilikuwa sauti yao.

"Nani kasema?" aliuliza seremala. "Maana sitaki nikiacha mmoja anidai."

Niligeuka nitazame, kama nilivyojifunza siku nyingi. Chapuchapu alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya alama ya kalamu. Rula ameweka vyake juu ya vile vya mdogo wake. Midomo yote miwili ilikuwa imefungwa, na macho yote manne yalikuwa yananitazama mimi kwa woga, kama watu wanaosubiri matokeo.

"Wenyewe wamesema," alijibu mama mkwe, akarudi kwenye kigoda chake.

Bado kulikuwa na bango la Ngazi la kumalizia kabla ya adhuhuri. Rula alilitandaza mwenyewe, urefu wote wa meza, akaweka fremu, akaikandamiza. Chapuchapu aliutazama ule mpira wa rangi kwa muda. Kisha akauokota, akasema watu wa Ngazi wanapenda kupanda juu. Rula akasema kengele ndani tupu. Na kati yao, mahali pangu, palikuwa na ndoo na hapakuwa na mtu.

"Mama Rangi," ile sauti ikaita, "waridi hii inakauka."

Nilichukua aproni msumarini. Sikuuliza ni yupi.